Dawa bila wa kukujulia hali ni nusu ya tiba

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu hutajwa mezani, pale mwenyeji anapoionja nyama ya kuku ambaye asingemchinja lau mgeni asingepiga hodi. Leo naichukua kwa maana yake iliyo wazi kabisa, ile ya kupona maradhi, ili nimzungumzie mgeni mmoja ambaye, pamoja na wenzake, aliliokota neno tulilokuwa tukilitupa ovyo njiani, akalifanya chombo cha tiba. Neno lenyewe ni "Mambo?"

Mgeni huyo ni Daktari Richard Lester, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza kutoka Kanada, aliyefanya kazi Nairobi katika ushirikiano wa miaka mingi baina ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba. Yeye na watafiti wenzake, miongoni mwao marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi na mwalimu wa wauguzi aliyejulikana kote nchini, walijiuliza swali lililoonekana dogo: mgonjwa akishapewa dawa za kupunguza makali ya ukimwi na kurudi kwake, ni nani ajuaye iwapo anazimeza?

Swali hilo ndilo ninalotaka tulirudie leo, kwa sababu nachelea kwamba nchi yetu imo hatarini kulisahau wakati huu inapolihitaji zaidi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini kilitambuliwa mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi maradhi hayo yalikuwa hukumu isiyo na rufani. Kufikia mwaka 1996 wanasayansi walikuwa wamethibitisha kwamba dawa kadhaa zikichanganywa huweza kuvizuia virusi visizaane, na katika nchi tajiri watu waliokuwa wakilingojea kaburi wakarudi kazini. Huku kwetu tuliendelea kuzika. Bei ya dawa haikushikika. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na ilitubidi tungoje hadi mwaka 2006 ndipo dawa hizo zikaanza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Wengi tulishusha pumzi. Tulidhani kwamba dawa ikishafika, safari imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwani dawa ya ukimwi si kama ya malaria, ambayo humezwa siku tatu na kusahaulika. Humezwa leo, kesho na kila siku ya maisha ya mtu, awe mzima au mnyonge, awe na furaha au matanga.

Wanafunzi wa sayansi wanajua sababu yake. Kirusi cha ukimwi hujinakili mara nyingi mno kwa siku, na katika kujinakili huko hukosea, mfano wa mwanafunzi anayenakili insha ya mwenzake kwa pupa. Nakala nyingi zenye makosa hazifai kitu. Chache, hata hivyo, huzuka na umbo ambalo dawa hailiwezi. Dawa ikiwa ya kutosha mwilini, virusi havipati nafasi ya kuzaana, wala hizo chache hazipati kuzuka. Dawa ikipungua, nakala sugu huota kama magugu katika shamba lililokosa palizi, na siku mgonjwa atakapoirejelea dawa yake ataikuta haimfai tena.

Mwaka 2000 Daktari David Paterson na wenzake, katika utafiti uliofanywa Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliomeza angalau asilimia 95 ya dawa zao ndio waliofaulu zaidi kuvidhibiti virusi. Tupige hesabu pamoja. Dawa ya kumezwa mara mbili kwa siku, kama zilivyokuwa nyingi za wakati ule, ni dozi 60 kwa mwezi. Asilimia 5 ya 60 ni 3. Basi aliyekosa dozi nne tu katika mwezi mzima alikuwa amekwisha kuanguka chini ya kiwango hicho. Dawa za siku hizi, hasa zile zenye dolutegravir, humezwa mara moja kwa siku na humvumilia zaidi mwenye kusahau. Hata hivyo, haijavumbuliwa bado dawa ya vidonge iponyayo ikiwa ndani ya chupa.

Sasa tuutazame utafiti wenyewe. Kuanzia Mei 2007 hadi Oktoba 2008, Daktari Lester na wenzake waliwaandikisha watu wazima 538 waliokuwa wakianza dawa katika kliniki tatu: Pumwani na kituo cha Coptic Hope jijini Nairobi, pamoja na kliniki moja ya Kajiado. Kura ndiyo iliyoamua nani awe upande upi. Wagonjwa 273 walitiwa katika upande wa ujumbe wa simu, na 265 wakapewa huduma ya kawaida tu. Haikulazimu mtu awe na simu yake mwenyewe. Aliyetumia ya jamaa yake alikubaliwa. Kila juma muuguzi aliwatumia wagonjwa wa upande wa kwanza neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema "Shida" alipigiwa simu. Aliyenyamaza pia alipigiwa simu.

Msomaji na azingatie busara iliyomo katika ufupi huo. Ujumbe haukutaja ugonjwa, haukutaja dawa wala hospitali. Hata simu ingeangukia mikononi mwa mume, mke, mpangaji mwenza au mtoto mdadisi, asingeona ila salamu ya rafiki. Siri ya mgonjwa ilibaki kuwa siri yake.

Tukumbuke pia miezi ile ilikuwa miezi gani. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia. Barabara zilifungwa, nyumba zikachomwa, na watu wakayahama makwao bila kubeba hata blanketi, seuze vidonge. Katika siku kama hizo, kliniki isiyojua mgonjwa wake yuko wapi haina la kumfanyia.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mnamo Novemba 2010. Wagonjwa 168 kati ya 273 waliotumiwa ujumbe, yaani asilimia 62, walikuwa wamezimeza dawa zao ipasavyo. Katika kundi la pili walikuwa 132 kati ya 265, yaani nusu tu. Na kwa kuwa mtu aweza kumdanganya muuguzi lakini hawezi kuidanganya damu yake, watafiti walipima virusi vilevile. Waliofaulu kuvidhibiti walikuwa 156 katika kundi la kwanza na 128 katika la pili, yaani asilimia 57 kwa 48. Kwa lugha nyepesi, katika kila wagonjwa 11 waliojuliwa hali kwa njia hiyo, alipatikana mmoja zaidi aliyevidhibiti virusi. Gharama ya kila ujumbe ilikuwa kama senti tano za dola. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilizitaja jumbe za simu katika mwongozo wake kuwa mojawapo ya njia za kufikiriwa katika kuwasaidia wagonjwa wasiache dawa.

Watakuwapo watakaoguna kwamba tofauti ya asilimia 9 si kitu. Nawaomba wahesabu tena. Nchini Kenya wanaishi na virusi hivyo watu zaidi ya 1,300,000. Asilimia moja tu ya idadi hiyo ni watu 13,000, wa kuzijaza shule kumi na tatu zenye wanafunzi elfu moja kila moja. Hakuna mwalimu mkuu ambaye angeitazama shule moja tu ikiangamia akasema kwamba ni sehemu ndogo ya taifa.

Sasa niwageukie walimu wa Kiswahili, ambao wengi wao humkaripia mwanafunzi anayewaamkia kwa "Mambo?" Nao wana haki, maana kila mahali pana lugha yake. Lakini hebu tulitazame neno hili kwa makini. "Hujambo?" maana yake ni: huna jambo? Hapana lililokusibu? Naye ajibuye "Sijambo" husema kwamba hana jambo. Kumbe salamu yetu, tangu jadi, ni kuchunguza afya ya mwenzio, na hilo "Mambo?" la vijana ni swali lile lile lililovuliwa kanzu. Ila tumeitumia salamu hii hata makali yake yakabutuka. Mfiwa huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo" huku machozi yakimlengalenga, kwa kuwa adabu haimwachii jibu jingine. Ubora wa utafiti huu ni kwamba uliirudishia salamu jibu lake la pili. Mgonjwa aliruhusiwa kusema "Shida", na alipolisema neno hilo, kulikuwa na mtu mwenye wajibu wa kumsikiliza.

Na shida za mgonjwa ni nyingi, wala si zote za kitabibu. Yumkini dawa inamtapisha. Yumkini hana nauli ya kufika kliniki, au ametakiwa ameze dawa baada ya chakula na chakula chenyewe hakipo. Yumkini mumewe hajui, naye analazimika kumeza dawa yake msalani kama mwizi. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuzigundua shida hizi. Kipimo chake ni swali.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Si simu iliyofanya kazi. Simu ni punda tu. Tuutazame mzigo uliobebwa. Utafiti mwingine, uliofanywa Chulaimbo karibu na Kisumu na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusu wagonjwa zaidi ya 400. Miongoni mwa waliokumbushwa kwa simu mara moja kwa juma, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, ilhali miongoni mwa wasiokumbushwa waliofikia kiwango hicho ni asilimia 40. Lakini kuwakumbusha watu kila siku hakukuleta faida hiyo, na kuurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo hakukuongeza kitu. Jogoo awikaye usiku kucha hamwamshi mtu. Huko Yaoundé nchini Kameruni nako, wagonjwa 200 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Nusu yao walitumiwa kila juma maneno ya kuwatia moyo, pamoja na nambari ya simu ya kupiga wakitaka. Hakuna jibu lililodaiwa kwao, na baada ya miezi sita haikuonekana tofauti ya maana baina yao na wenzao.

Wala sitaki kumficha msomaji upande wa pili wa sarafu. Kundi lile lile la Daktari Lester lilikwenda Kibera na swali lile lile, safari hii kwa watu 700 ambao ndio kwanza walikuwa wameingia katika huduma baada ya kujua hali zao. Walitaka kuona kama "Mambo?" lingewafanya wasiiache kliniki katika mwaka wa kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliotumiwa ujumbe walibaki asilimia 79. Wasiotumiwa, asilimia 81. Swali halikuwa limesaidia kitu.

Nawapongeza watafiti hao kwa kuyachapisha matokeo hayo bila ya kuyapamba, na ningependa kila mwanafunzi anayeota kuwa mwanasayansi aisome habari hii mara mbili. Anayetangaza tu yale yanayompendeza ni mchuuzi, si mtafiti. Kwa maoni yangu, funzo la Kibera ni kwamba "Mambo?" si hirizi. Mtu aliyepashwa habari jana kwamba ana virusi hajawa mgonjwa anayesahau dawa. Bado ni mtu anayepigana na nafsi yake, na huenda akahitaji kuketi na mwenzake ana kwa ana kabla ya kuulizwa hali kwa herufi tano. Swali hufaa pale linapomkuta mtu ambaye shida yake yaweza kutatuliwa na yule anayemwuliza. Linapotumwa kwa mazoea, hata liwe zuri vipi, huwa kama zile "Hujambo?" zetu za barabarani.

Basi na tuje kwa mambo ya leo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru misaada ya nchi yake ng'ambo isimamishwe ili ichunguzwe. Kenya, iliyokuwa imeuegemea msaada huo kwa takriban miongo miwili katika vita dhidi ya ukimwi, iliona baadhi ya kliniki zikifungwa na wafanyakazi wakirudishwa nyumbani. Kelele zilizosikika zaidi zilihusu dawa: je, zitakwisha lini? Swali hilo lilistahili kuulizwa. Lakini ni wachache walioulizia watu. Wako wapi washauri? Wako wapi wale wanaoishi na virusi waliokuwa wakiwashika mkono wageni wa ugonjwa? Wako wapi akina mama waliowaelekeza akina mama wenzao, na makarani waliompigia simu kila aliyekosa kufika siku yake? Wengi wa hao walilipwa kwa fedha za wafadhili, na fedha zilipokatika, nao walikatika.

Si vigumu kuelewa kwa nini watu wa namna hii hutangulia kuachishwa kazi. Kidonge huhesabika. Huwekwa ghalani, huandikwa daftarini, na waziri aweza kupigwa picha akiwa amesimama mbele ya masanduku yake. Neno "Mambo?" halina ghala wala risiti. Mhasibu anayetafuta mahali pa kupunguza matumizi huliona kama pambo, na anapolifuta hakuna kengele inayolia. Madhara yake huonekana baada ya miezi mingi, katika damu ya mtu mmoja mmoja, kimyakimya. Tukishaona kwamba dawa zipo lakini virusi vinapanda, tutawalaumu wagonjwa kwa uzembe.

Najua zitatolewa hoja za kunipinga. Ya kwanza ni kwamba mtu mzima ajikumbushe mwenyewe, kwani uhai ni wake. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau faida ya dawa ingeishia kwa mwenye kuimeza. Lakini mwaka 2011 utafiti uliowahusu wapenzi na wanandoa jozi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ukiongozwa na Daktari Myron Cohen, ambaye pia ni mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, ulionyesha kwamba dawa zikianzwa mapema hupunguza uwezekano wa mgonjwa kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa hata havionekani katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Anayemjulia hali mgonjwa mmoja, basi, huenda anawakinga watu ambao hata hawajui.

Hoja ya pili ni ile ya fedha. Hiyo siidharau. Lakini serikali yenyewe, mnamo Septemba 2023, ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa. Watu wapo, na simu zipo. Kinachotakiwa ni kwamba wafunzwe kutunza siri, walipwe kwa wakati, na kazi ya kumtafuta mgonjwa aliyenyamaza ihesabiwe kuwa kazi, sawa na ile ya kupima shinikizo la damu. Kaunti nazo ziwaingize washauri wa ukimwi katika bajeti zao kabla ya mfadhili wa mwisho kufunga mkoba wake. Mwenyeji aliyezoea kula kuku siku ya mgeni tu atalala njaa siku mgeni akiondoka.

Nimalizie kwa shule, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi. Katika shule zetu wamo vijana waliozaliwa na virusi hivi. Wamekua, wamefaulu mitihani yao, wameitwa katika shule za bweni. Huko nyumbani mama au nyanya aliwauliza kila jioni kama wamemeza dawa. Bwenini hakuna wa kuwauliza. Simu haziruhusiwi, na kanuni hiyo ina sababu zake. Kijana huogopa chupa isije ikalia sandukuni, huogopa jirani wa kitanda asije akauliza, huogopa foleni ya kuomba ruhusa ya kwenda kliniki mbele ya wenzake. Hatimaye huona ni afadhali akose dawa kuliko apoteze marafiki. Hiyo ni hesabu ya mtoto, na sisi watu wazima ndio tuliomwacha aipige peke yake.

Sisemi kwamba walimu waanze kuulizia hali ya virusi ya wanafunzi. Hasha! Sheria ya mwaka 2006 ya kukinga na kudhibiti ukimwi inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake, na inakataza mwanafunzi kunyimwa nafasi shuleni kwa sababu ya hali hiyo. Ninachosema ni kwamba shule inaweza kupangwa hata swali liwezekane. Iwe na mahali pa faragha ambapo mwanafunzi yeyote mwenye dawa ya muda mrefu, awe na pumu, kifafa, kisukari au maradhi mengine, atazimeza dawa zake bila ya kutazamwa. Wakiwa wengi wenye sababu mbalimbali za kuingia chumba hicho, hakuna atakayejua nani amefuata nini. Barua ya kliniki itoshe kumpa mwanafunzi ruhusa bila ya kuhojiwa ofisini. Matroni au muuguzi wa shule afunzwe kuuliza "Mambo?" na, akiambiwa "Shida", afunge mlango, aketi, asikilize.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Msifungue sanduku la mwenzenu. Msiulize kidonge ni cha nini. Mkimwona mwenzenu amebadilika, amenyamaza, amekonda au ameacha mpira alioupenda, mwamkieni kama watu wanaotaka jibu. Msomi hatambulikani kwa kuyajua majina ya viini vya maradhi tu, bali pia kwa kumjulia hali aliye karibu naye.

Daktari Lester na wenzake hawakutuletea neno geni. Walituonyesha lililokuwa letu na kazi liliyoweza kuifanya pale lilipoulizwa kwa dhati. Mgeni alikuja, na wenyeji wengine wakapona. Sasa wageni wengi waliosimama nasi wanafunga virago, na hatuna haki ya kuwalaumu milele, kwani mgeni ni mgeni tu. Lakini swali limebaki mikononi mwetu, nalo ni la Kiswahili. Kila mwenye cheo cha kukata bajeti na ajiulize, kabla ya kuweka sahihi yake: mgonjwa akijibu "Shida", atakuwapo nani wa kumsikia?